Hesabu ya Kumi

Harlan Vik alifika jangwani siku ya Ijumaa, wiki ya kwanza ya Januari, saa tisa alasiri. Akaegesha nyumba yake ya magurudumu pale pale alipoiegesha majira ya baridi kumi na manane: kati ya kichaka kikavu na mpungate uliokatika mkono, mlango ukitazama kusini. Hakuna aliyempimia kiwanja hicho. Huku hakuna vibao wala kamba. Ukija miaka miwili mfululizo mahali ni pako, na atakayekukalia atatazamwa kwa jicho baya mpaka ahame mwenyewe.

Mwaka jana tu ndio hakufika, na mwaka huu kiti cha abiria kilikuwa kitupu. Juu yake alikuwa ameweka ramani, kofia na mfuko wa machungwa ili kisionekane hivyo, lakini machungwa hayajawahi kumdanganya mtu.

Mkewe Ardis alifariki Februari ya mwaka jana na kuzikwa Mei, maana kule kwao Dakota Kaskazini ardhi huganda na maiti husubiri. Hiyo miezi mitatu ya kusubiri ilimmaliza Harlan kuliko msiba wenyewe. Nyumba yao ya kijijini walishaiuza miaka ile walipostaafu, yeye akitoka kwenye maghala ya ngano na mkewe akitoka jikoni mwa shule, wakanunua hii yenye magurudumu na kuishi humo kiangazi na masika. Kwa hiyo alipobaki peke yake, mzee wa miaka sabini na minne, hakuwa na kwingine kwa kwenda ila kwa binti yake Renae huko Fargo, kwenye chumba cha chini ya nyumba chenye kidirisha kimoja kinachotazama theluji.

Chumba hicho kilimtisha Harlan kuliko kaburi. Renae alikuwa ameshakipaka rangi.

"Majira haya tu, Baba," alimwambia wakiagana. "Lakini ukiivunja hiyo nyumba popote, hata kioo cha pembeni, unaiuza na unakuja kukaa na sisi. Uko peke yako sasa. Niahidi."

Harlan akaahidi. Watu wa kwao hawasemi mengi, lakini wakishatoa neno halirudishwi mdomoni. Akaendesha siku nne akishika usukani kwa mikono miwili, akiwaachia njia hata waendesha baiskeli, akafika na vioo vyake vyote.

Kilichobaki kilikuwa kutoa droo.

Nyumba hizi ukiwa nazo barabarani sebule ni ujia tu wa kupitia ubavu. Ukishaegesha unabonyeza swichi, na ukuta mzima wa kushoto unasogea nje pamoja na kochi na meza yake, kama droo ya kabati, ndipo unapata pa kunyoosha miguu. Chini ya droo, kwenye tumbo la gari, kuna mabuti matatu ya kuwekea mizigo, na milango yake hufunguka kwenda juu. Mwenye akili zake ameshaona balaa lilipo. Mlango ukiachwa umeinuliwa na droo ikitoka, vitu viwili vinagombea mahali pamoja, na kati ya hivyo viwili ni droo iliyo na mota.

Kwa hiyo kila mwenye nyumba ya namna hii ana utaratibu wake, na utaratibu wa kina Vik ulikuwa hivi. Harlan anakaa ndani kwenye swichi. Ardis anazunguka nje, anatazama mawe, vichaka, viti vya majirani, na zaidi ya yote milango ya mabuti. Mwaka wa kwanza alikuwa akipiga kelele muda wote. "Wazi! Wazi bado! Njoo! Endelea, wazi!" Yaani njia ya droo iko wazi, hakuna kizuizi. Sauti yake ilizoea kushindana na watoto mia mbili wa shule, basi kambi nzima ilijua droo ya kina Vik inatoka. Watu wakacheka. Harlan hapendi kuchekwa. Jioni ile akamwambia mkewe, "Ardis, kelele zote za nini? Ukiona kitu, piga kelele. Usipoona, nyamaza. Mimi nitahesabu kumi, nikisikia kimya najua ni salama, nabonyeza."

Ardis akanyamaza. Miaka kumi na minane alizunguka, akatazama, akanyamaza, na Harlan akahesabu kumi, akabonyeza. Mara moja tu, huko Utah, ndipo alipopiga yowe, na kweli mlango wa buti la kati ulikuwa wazi. Kimya chake kilikuwa ruhusa, na ruhusa hiyo haikuwahi kudanganya.

Ijumaa hiyo Harlan alishusha jeki. Jeki ya kushoto ikadidimia kwenye kokoto, akafungua buti la kati, akainua mlango juu na kuutia kwenye kindoano chake, akatoa vipande viwili vya mbao na kuviweka chini ya jeki. Mlango hakuufunga. Mle ndani kulikuwa na zulia la nje na viti ambavyo angevitoa muda si mrefu, sasa kufunga na kufungua kuna faida gani? Upepo ulikuwa unauma. Akaingia ndani kutoa droo kwanza.

Akasimama kwenye swichi. Mkono ukapanda wenyewe. Akahesabu, kwa midomo, kama alivyohesabu maisha yake yote ya huku: moja, mbili, tatu. Akasikiliza. Jangwa lilikuwa kimya. Nane, tisa, kumi.

Akabonyeza.

Mazoea yana taabu. Droo ilitoka kiganja kimoja, ikaguna, halafu pakatokea sauti ya bati linalokunjwa, sauti ambayo mtu akiisikia mara moja haisahau. Harlan akaachia swichi. Akasimama pale akiwa ameinua kidole, na jambo la kwanza lililomjia kichwani, aibu tupu, ni hasira. Alimkasirikia Ardis. Mbona hakuniambia?

Halafu akakumbuka.

Akatoka, akazunguka kutazama. Mlango wa buti ulikuwa umekunjika katikati kama karata, bawaba moja imeng'oka na misumari yake, na pembe ya droo ilikuwa na mkwaruzo mrefu.

"We Harlan!" Sauti ilitoka ng'ambo ya kichaka. "Hiyo nimeisikia mpaka kwangu! Nani kafa?"

Alikuwa Twyla Purvis, jirani wa majira yote, mjane kwa miaka kumi na mmoja sasa, dereva mstaafu wa basi la shule kutoka Oklahoma. Alikuja akiburuta viatu vyake vya mpira, kofia ya majani kichwani, kikombe cha kahawa mkononi, akauona mlango na kupiga mluzi.

"Loo! Umeula wa chuya, bwana. Na huyo mkeo alikuwa wapi? Ardis! Umelala humo ndani? Mbona umemwachia huyu mzee abomoe nyumba?"

Hakuna aliyejibu. Twyla akatazama dirishani akitabasamu, akimngoja.

"Ardis hayupo," Harlan akasema. "Alifariki. Februari."

Twyla akavua kofia. Akamwaga kahawa yake kwenye kokoto, taratibu, kana kwamba imeharibika.

"Na mimi napiga makelele," alisema mwishowe. "Nisamehe. Pole sana, Harlan. Mwaka jana hamkuja, nikasema labda wamepata mjukuu."

"Hukujua."

"Aliumwa nini? Alikuwa mzima kama chuma yule."

"Tumbo. Ilikuja kujulikana imeshasambaa."

Twyla akaitikia kwa kichwa, asiulize zaidi. Badala yake akainama kuukagua mlango, akaushika pembe na kuutikisa.

"Huu haujafa," alisema. "Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Una nyundo ya mpira?"

Wakarudisha droo ndani, wakaung'oa mlango kwa bawaba iliyobaki, wakaulaza juu ya ubao. Twyla akashikilia, Harlan akagonga. Saa nzima hawakuongea ila "hapo", "kidogo" na "we, kidole changu!" Mlango ukanyooka kiasi, ukabaki na wimbi katikati. Bawaba wakaikaza kwa misumari mirefu zaidi, na ukingo wakaufunga kwa selotepu pana ya kijivu. Ulifunga. Ukipitisha mkono pembeni unasikia upepo, lakini ulifunga, na aliyesimama hatua ishirini asingejua kitu.

Hatua ishirini, Harlan akawaza. Na Fargo ni maili elfu moja na mia saba.

"Sasa njoo kwangu," Twyla akasema akipangusa mikono. "Kuna kitu nataka ukione kabla hujamaliza milango yote."

Nyumba ya Twyla ilikuwa na droo tatu na alizitoa zote mwenyewe. Karibu na swichi alikuwa amepigilia msumari, na kwenye msumari ukaning'inia ufunguo mmoja wenye kitambaa chekundu, ukiifunika swichi mbele.

"Mwaka wa kwanza baada ya Boyd kufa," alisema, "niling'oa milango miwili. Miwili, bwana! Wewe bado mwanafunzi. Boyd alikuwa anapiga kelele kama dalali, sasa alipokufa nikawa nangojea kelele, sizisikii, najiambia labda upepo, nabonyeza. Nikakaa nikalia, halafu nikaenda kununua vitasa. Mabuti yangu yote yanafunguka kwa ufunguo huu mmoja. Nikifungua buti, ufunguo hautoki tunduni mpaka nifunge. Nikishafunga ndiyo unarudi hapa. Sasa nikija kutoa droo, nikikuta msumari mtupu, mkono unarudi chini. Hata niwe nimezunguka mara kumi. Hata niwe na uhakika wa mbinguni. Hakuna ufunguo, hakuna droo."

"Mimi nitazunguka tu mwenyewe," Harlan akasema.

"Utazunguka, ndiyo. Halafu utakumbuka mpira wa maji, utafungua, simu italia, utaingia ndani kupokea. Nakuuliza, leo ulibonyeza kwa kutegemea nini?"

Harlan akatazama kitambaa chekundu. Hakuwa mtu wa kumweleza mwingine mambo yake, lakini alikuwa amechoka. "Nilihesabu kumi," alisema. "Ardis alikuwa akiona kitu anapiga kelele. Asipoona ananyamaza. Nikahesabu kumi, ilikuwa kimya."

Twyla hakucheka.

"Ukimya wa mtu aliyepo na ukimya wa mtu asiyekuwepo, masikio hayajui kuutofautisha," alisema. "Mpaka uende ukatazame. Chukua huu msumari, ninao mwingine."

Akamwalika maharage na mkate wa mahindi, akamwalika pia kwenye duara, maana kila siku saa kumi alasiri watu wa kambi hii hutoka na viti vyao na kukaa mviringo wakisengenya serikali na hali ya hewa. Harlan akashukuru, akasema amechoka na safari. Akarudi kwake, akatoa viti kwenye buti. Alipomaliza kuvikunjua ndipo alipoona ametoa viwili. Cha pili hakukirudisha. Kukirudisha kulikuwa kubaya zaidi.

Jumamosi hakuwa na la kufanya, na hiyo ndiyo siku ndefu kuliko zote kwa mtu aliyezoea kuwa wawili. Alipika kahawa ya vikombe vinne, akanywa kimoja. Alitandaza zulia, akalifagia, upepo ukalijaza mchanga, akalifagia tena. Saa kumi alisikia kicheko cha duara ng'ambo ya kichaka, akajua kwa sauti kwamba Twyla ndiye anayechekesha, akafunga dirisha.

Kila mara alipopita upande wa kushoto aliukuta ule mlango unamtazama na wimbi lake. Na kila alipoutazama alijiona yuko New Mexico, Novemba ya mwaka wa juzi, safari yao ya mwisho, mahali ambapo hata jina lake hakulishika, uwanja wa changarawe nyuma ya kituo cha mafuta.

Siku hiyo aliegesha, akashusha jeki, Ardis akatoka nje kuzunguka kama kawaida. Harlan akahesabu kumi. Kimya. Akabonyeza, droo ikatoka laini kama siagi, haikugusa kitu. Akatoka nje akikunjua mikono ya shati, akamkuta mkewe nyuma ya gari ameshika ngazi ya kupandia paani kwa mikono miwili, kichwa amekiinamisha kati ya mikono, mgongo unapanda na kushuka. Hakuwa amezunguka. Hakuwa ametazama chochote. Asingeweza kupiga kelele hata kama kungekuwa na mtu amelala chini ya droo.

"Vipi?" Harlan alimuuliza.

Ardis akainua uso uliokuwa mweupe kama unga. "Hakuna kitu," alisema. "Nimeona ni salama."

Harlan akatazama droo, ikawa kweli ni salama, akaenda kuunga mpira wa maji. Wiki tano zaidi zilipita wakiwa bado njiani kabla hawajamwona daktari na kurudi kaskazini bila kufika huku. Mficha maradhi kifo humuumbua, husema watu, na husema kwa kumlaumu mgonjwa. Harlan alijua methali hiyo ina nusu ya pili isiyosemwa. Ardis alificha, ndiyo, lakini alifundishwa kunyamaza na nani? Nani aliyemwambia, usipokuwa na la hatari, usiniambie? Na hatari ilipokuja alikuwa na mazoezi ya miaka kumi na minane.

Jumapili saa kumi na moja jioni ilikuwa saa ya Renae kupiga simu. Tangu asubuhi Harlan alijua anachotaka kufanya, nacho ni kutofanya kitu. Mlango unafunga. Renae hayupo hapa. Hakuna atakayemuuliza, "Je, umevunja mlango wa buti la kati?" Asipomwambia hajasema uongo, atakuwa amenyamaza tu. Majira yataisha, atanunua mlango mwingine njiani, na kile chumba chenye kidirisha kitabaki na rangi yake mpya.

Simu ikalia, akaitazama. Akapokea.

"Baba! Habari za huko? Joto?"

"Upepo," Harlan akasema. "Renae, nimevunja mlango wa buti."

"Umefanyaje?"

"Buti la kati. Niliacha mlango wazi nikatoa droo. Umekunjika. Nimeunyoosha, lakini umevunjika. Nilikuahidi hata kioo. Basi ahadi ni ahadi. Niambie niiuze lini."

Upande wa pili pakawa kimya.

Harlan akaanza kuhesabu, bila kukusudia. Moja, mbili. Alijua akifika kumi na Renae hajasema kitu atasema, "Haya, tumeelewana," na kukata, kama alivyokata simu zake zote na binti yake tangu Renae alipoondoka nyumbani. Renae hakuwa na maneno; kwa hiyo Renae alikuwa sawa. Ndivyo alivyomlea. Nane, tisa, kumi. Kimya kingi kina mshindo mkuu, nao ulikuwa unamgonga kifuani.

"Renae," alisema. "Umenyamaza. Sijui maana yake ni nini. Niambie."

Akasikia pumzi. Halafu akasikia kwamba binti yake analia, na kwamba alikuwa analia tangu mwanzo.

"Mama aliniambia," Renae akasema. "Oktoba ile, kabla hamjaondoka. Tulikuwa tunaosha vyombo. Alisema tumbo linamuuma usiku, akanikataza nisikwambie. Alisema ukijua hamtaondoka, na wewe usipoliona jangwa unakuwa kama ng'ombe aliyefungiwa zizini. Akasema ni kitu kidogo, atakwenda kwa daktari mkirudi masika. Nikanyamaza, Baba. Niliwapungia mkono mkaondoka."

Harlan alikaa kwenye kile kiti cha pili, cha Ardis, kwa sababu ndicho kilichokuwa karibu.

"Mimi nilimwona," alisema. "New Mexico. Nilihesabu kumi nikabonyeza, kumbe alikuwa ameshikilia ngazi ya nyuma, hawezi hata kusema. Nikamuuliza vipi, akasema hakuna kitu. Na droo ilikuwa imetoka vizuri, Renae. Hakuna kilichovunjika. Ndiyo maana sikuuliza mara ya pili."

Hakuwa amewahi kumwambia mtu maneno hayo, hata mchungaji. Alipoyasema yalikuwa machache kuliko alivyofikiri, na mazito zaidi. Wakalia wote wawili, kila mmoja mwisho wake wa simu, na Harlan hakuwahi kumsikia binti yake akilia tangu alipokuwa na miaka tisa.

"Sijali kuhusu mlango," Renae akasema baadaye, akipenga kamasi. "Hata hiyo nyumba sijali, ivunje yote. Nilitaka uiuze kwa sababu hunipi njia nyingine ya kujua kama uko hai. Nikikuuliza unasema uko sawa. Mama naye alikuwa sawa."

"Nitakuja kama unataka nije."

"Unataka kuja?"

Swali hilo hakuna aliyewahi kumuuliza. Akatazama mpungate uliokatika mkono na milima ya magharibi iliyokuwa inageuka zambarau.

"Hapana," alisema. "Chumba kile nakiogopa. Nakuumiza kwa kusema hivyo, najua ulikipaka rangi kwa mkono wako. Lakini hapa pia nateseka. Natoa viti viwili."

"Basi tubadilishe ahadi," Renae akasema. "Kaa huko mpaka majira yaishe. Lakini kila siku unitumie neno. Moja tu. Siku usipotuma napanda ndege, na nikikukuta mzima nitakuua mwenyewe."

Harlan akacheka, kicheko kilichokuwa na kutu. "Neno gani?"

"Lolote. Usinyamaze tu."

Akafikiri. "Mama yako mwaka wa kwanza alikuwa akisema 'wazi'. Kambi nzima ilikuwa inamsikia. Nikamkataza."

"Basi sema hilo," Renae akasema.

Kesho yake Harlan alipigilia ule msumari kando ya swichi. Fundi wa mjini alimwekea vitasa vya ufunguo mmoja, akautundika ufunguo pale pamoja na kipande cha aproni ya Ardis ya kijani. Mlango mpya fundi alisema anaweza kuuagiza, Harlan akamwambia asiagize. Kila jioni alimtumia Renae neno lake. Siku nyingine alikwenda kwenye duara, akakaa ukingoni, akasikiliza. Siku nyingi zaidi hakwenda. Nisikudanganye msomaji: mtu wa namna ile hageuki kuwa msemaji kwa sababu ya simu moja, na upweke hauondoki kwa sababu umetajwa jina. Kahawa aliipika ya vikombe viwili badala ya vinne, na cha pili kikawa kinapoa mezani mpaka mchana.

Mwishoni mwa Machi joto likaanza kupanda na kambi ikavunjika. Twyla aliondoka Jumanne, akapiga honi mara tatu. Kufikia Ijumaa kulikuwa na alama za magurudumu tu, na mviringo wa kokoto zilizosuguliwa pale lilipokuwa duara.

Harlan alikunja viti vyote viwili, akavitia kwenye buti la kati, akafunga mlango wenye wimbi na kuzungusha ufunguo. Maana droo inaporudi ndani nayo hung'oa mlango ulioachwa wazi, kwa ukingo wake wa chini, na tena kwa ukatili zaidi. Akazunguka gari zima. Akafika nyuma kwenye ngazi ya kupandia paani, akaishika kwa mikono miwili, akasimama hapo kidogo. Kisha akamaliza mzunguko, akaingia ndani, akatundika ufunguo kwenye msumari.

Akafungua dirisha la kushoto. Nje hapakuwa na mtu hata mmoja mpaka milimani.

"Wazi!" akapaza sauti.

Sauti yake ikamshangaza, ilivyokuwa kubwa. Mkono ukapanda kwenye swichi, na alikuwa ameshafika saba ndipo alipogundua anahesabu. Akaacha. Akautazama ufunguo, akatazama kile kitambaa cha kijani, akabonyeza. Droo ikaingia ndani taratibu mpaka mwisho, haikugusa kitu.

Akachukua simu, akaandika neno lake mapema, kabla ya safari. Jibu likaja papo hapo: "Nimesikia, Baba."

Harlan akaketi kwenye usukani. Kisha akaondoa ramani, kofia na mfuko mpya wa machungwa kwenye kiti cha pembeni, akaviweka nyuma, akakiacha kiti kitupu kama kilivyokuwa, akawasha injini.